Miaka Ishirini na Minane kwenye Meza ya Maji

Fomu ya makabidhiano imetiwa sahihi. Meneja wa karakana aliwatangazia wafanyakazi Jumanne hii, saa nne na robo asubuhi, akiwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha mafundi na karatasi yenyewe mkononi. Aliyeitia sahihi ni fundi mkuu wa Meza ya Maji, anayestaafu Ijumaa tarehe 29 baada ya miaka ishirini na minane na miezi minne ya kazi. Alikuwa ameikataa fomu hiyo kwa siku ishirini.

Wenzetu wa matawi mengine huenda hawaifahamu meza hiyo. Ni meza namba tatu, ghorofa ya kwanza, karibu na dirisha, na ndipo zinapopelekwa simu zote zilizoingia maji. Fomu ya makabidhiano ilikuwa na mistari kumi na minne: funguo, taa, hadubini, bisibisi na mengineyo. Mstari wa kumi na mmoja ulisema, "Meza namba tatu: itafungwa." Makao makuu yalikuwa yameamua kwamba simu za siku hizi zinastahimili maji, na kwamba fundi huyu akiondoka hakuna mwingine wa kuiendesha meza. Sahihi yake ndiyo ingeifunga.

Meneja alimwambia, "Mama, hii ni fomu tu."

Alijibiwa, "Kama ni fomu tu, baba, futa huo mstari."

Alipoajiriwa, karakana ilikuwa ya redio na televisheni. Simu za mkononi zilikuwa za watu wachache, nao walizining'iniza kiunoni ili zionekane. Yeye alipangiwa kazi ambayo mafundi wengine waliikimbia: kusafisha redio zilizoliwa na betri. Betri kuukuu huvuja, uchafu wake hukauka ukawa unga wa kijani, na unga huo huitafuna shaba taratibu mpaka redio inanyamaza. Kwa miaka mitano alishinda na mswaki laini, chupa ya spiriti na kitambaa cheupe. Wenzake walimwita "dobi". Hakuwajibu. Akiulizwa leo kwa nini, anasema alikuwa na kazi nyingi.

Simu ya kwanza iliyoingia maji ililetwa na mkunga. Ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kudekia na kukaa siku mbili bila kuguswa. Ndani yake mlikuwa na namba za akina mama thelathini na wawili waliokaribia kujifungua, na mkunga hakuwa ameziandika popote pengine. Fundi wa meza ya kwanza aliitikisa simu, akaipuliza, akaitikisa tena, akasema imekufa. Mkunga alikuwa amefika kwenye ngazi dobi wa redio alipomfuata na kumwomba amwachie. Aliifungua, akakuta ndani unga uleule wa kijani aliouzoea, ila safari hii kwenye ubao mdogo wa saketi usiozidi kiberiti. Akausugua kwa spiriti, akauanika, akausugua tena. Siku ya tatu simu iliwaka.

Mkunga huyo naye sasa amestaafu. Tulipompigia kuthibitisha habari hii, alipaza sauti kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. "Andika hivi: hakuna mama hata mmoja aliyejifungua bila kunipata. Hata mmoja! Umeandika?"

Tumeandika.

Baada ya mwezi mmoja dobi alipewa meza. Meza yenyewe iliundwa na mume wake, ambaye ni seremala, baada ya kumsikia mkewe akilalamika kila jioni kuhusu skrubu zinazopotea. Skrubu ya simu ni ndogo kama punje ya ulezi, na ikianguka sakafuni ndiyo kwaheri. Seremala aliipa meza ukingo wa kidole kimoja pande zote nne, na katikati akachonga vishimo ishirini na vinne vya kuwekea skrubu kwa mpangilio zilivyotoka. Baadaye karakana ilinunua meza mpya za chuma kwa mafundi wote. Yake haikuondoka.

Juu ya meza hiyo kuna vibakuli vya plastiki vyenye vifuniko, kila kimoja kimebandikwa namba. Kuna taa ya shingo ndefu, hadubini, na kikombe cha bati chenye miswaki mitano. Mlinzi mpya alipoiona miswaki ile wiki yake ya kwanza, alimwendea meneja kwa siri, akamwambia kwamba kuna familia imehamia ghorofani.

Jina ambalo wengi wanamjua nalo lilitokana na simu ya mezani. Watu walipotumbukiza simu zao walipigia karakana wakiwa wamepagawa, na huku wanapiga, mkono mwingine ulikuwa tayari umebonyeza kitufe kuona kama simu bado ni nzima. Hapo ndipo simu nyingi hufia. Maji peke yake hayana haraka, lakini maji pamoja na umeme huchoma ubao kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo akaacha kusema "haloo". Akinyanyua mkono wa simu, neno lake la kwanza lilikuwa "Usiwashe!" Salamu zilifuata baadaye. Miaka ya mwanzo aliitwa Dada Usiwashe, kisha Mama Usiwashe, na tangu binti yake mkubwa ajifungue, Bibi Usiwashe. Siku moja mkurugenzi alipiga kutoka makao makuu kuulizia ripoti. Alipokewa kwa neno hilohilo. Mkurugenzi alizima kompyuta yake papo hapo, na ndipo akauliza kuna nini.

Ukutani nyuma ya kiti chake kuna karatasi aliyoiandika kwa mkono, ambayo imebadilishwa mara nne kwa sababu ya kufifia. Inasema: Izime. Ifute. Toa laini. Usiichaji, usiitikise, usiianike juani. Ilete leo, usingoje kesho. Chini yake, kwa wino mwekundu, ameongeza: Na mchele ubaki jikoni.

Vita vyake na mchele vina umri wa miaka kumi na sita. Watu husikia kwamba ukiifukia simu kwenye mchele, mchele utayanyonya maji yote. Huifukia, hungoja siku tatu, na muda wote huo ndani ya simu shaba inaendelea kuliwa. Kisha huileta ikiwa na vumbi la mchele katika kila tundu. Amewahi kuchomoa kwenye soketi ya chaja punje iliyovimba mpaka ikapasuka, akaiweka kwenye kisahani na kumwonyesha mwenye simu. "Huu umeiva, mwanangu. Simu bado." Mpishi wa shule moja alileta gunia zima, kwa sababu hakukumbuka simu aliizika upande gani. Bibi Usiwashe alimsaidia kuitafuta, wakaipata, na kabla ya kumruhusu aondoke alihakikisha gunia limeshonwa vizuri. Mchele hakuwa na ugomvi nao.

Kitu kinachomtofautisha na mafundi wengine ni swali. Wengine humuuliza mteja simu imelowa lini. Yeye huuliza, "Maji gani?" Maji ya bomba huoshwa kwa namna yake. Maji ya bahari yana chumvi, nayo haingoji mtu. Chai yenye sukari hukauka ikawa gundi chini ya vipande vya ubao, na spiriti peke yake haiwezi kuing'oa. Sabuni huacha utando. Maji ya chooni yana mambo yake. Fundi asiyejua maji anaosha kwa kubahatisha.

Shida ni kwamba watu hawasemi ukweli. Kila simu iliyoingia chooni hufika mezani ikiwa imenyeshewa. Mwalimu mkuu mmoja, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, alileta simu yake katikati ya kiangazi, akasema ni mvua.

"Mvua ya wapi, mwalimu?"

Akasema basi ni chai. Bibi Usiwashe aliinusa simu, akamwangalia, akangoja. Mwalimu alitazama kulia, akatazama kushoto, akainama na kumnong'oneza. Fundi wa meza ya pili aliyasikia, akacheka. Kucheka huko kulimgharimu wiki nzima ya kufagia chumba.

"Baba, mimi si askari," Bibi Usiwashe alimwambia mwalimu. "Natafuta maji, sitafuti mkosaji."

Simu ya mwalimu ilipona. Wiki iliyofuata Bibi Usiwashe alibuni kadi, ambayo sasa hutumika katika matawi yetu yote. Ilikuwa na aina kumi na moja za maji, kila moja na kisanduku chake, na mteja huweka alama kimya kimya kwenye dirisha la pembeni pasipo na foleni. Fundi wa meza ya pili, kwa utani, aliongeza aina ya kumi na mbili: machozi. Ilipogunduliwa kadi zilikuwa zimeshachapwa, basi ikabaki. Hadi sasa watu wawili wameiwekea alama. Bibi Usiwashe hakuwauliza kitu, aliosha kama anavyoosha maji yenye chumvi kidogo.

Kila simu iliyopita mezani imeandikwa. Ana madaftari saba makubwa yenye mistari aliyoipiga kwa rula: namba, maji, saa ngapi tangu ilowe, nini kimefanyika, na mwisho wake. Safu muhimu kuliko zote inauliza, "Imewashwa?" Hadi Alhamisi ya wiki iliyopita madaftari yalikuwa na simu 9,386. Katika kila kumi ambazo hazikuwashwa, zimepona nane. Katika kila kumi zilizowashwa, zimepona tatu. Takwimu hizi alizitoa mwenyewe kwa kalamu na karatasi, na mhasibu wa karakana alizihakiki kwa siku mbili bila kupata kosa.

Anayefungua daftari la tano, ukurasa wa arobaini, atakutana na simu ya Bibi Usiwashe mwenyewe. Aliifua. Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, aproni ikaingia kwenye beseni pamoja na nguo nyingine, na aliposhtuka akaitoa, kitu cha kwanza alichofanya ni kubonyeza kitufe. Mganga hajigangi. Mume wake alikuwa amesimama mlangoni na anasimulia kwamba alisikia harufu ya kuungua, kisha mkewe akasema, "Usimwambie mtu." Kesho yake asubuhi alikuja kazini akaandika mwenyewe. Imewashwa? Ndiyo. Na nani? Na mimi. Mwisho wake: imekufa.

Miaka miwili iliyopita karakana ilipata mfumo mpya wa kompyuta. Ulikuwa na mengi mazuri, na moja baya. Risiti haikutoka mpaka namba ya utambulisho wa simu iingizwe, na maelekezo yalimtaka mhudumu wa mapokezi aiwashe simu, abonyeze nyota na reli, aisome namba kwenye skrini. Aliyeandika maelekezo hayo hakufikiria simu iliyotoka kwenye ndoo. Mhudumu wetu wa mapokezi, mama wa watoto wawili na mtu wa kufuata utaratibu mpaka kwenye nukta, alifuata utaratibu. Kila simu iliyolowa iliwashwa kaunta kabla ya kupanda ghorofani kwenye meza ambayo ukutani pake pameandikwa izimwe.

Bibi Usiwashe aliligundua jambo hilo kwenye daftari, safu ya "Imewashwa?" ilipoanza kujaa ndiyo. Alishuka chini.

"Mwanangu, hizi simu unaziwasha wewe?"

"Mfumo ndio unataka, mama. Mimi nafuata mfumo."

"Na huo mfumo unafuata nani?"

"Kwa kweli sijui, mama. Mimi nimeukuta."

Meneja naye alisema mfumo umetoka makao makuu na hauguswi. Hali ikaendelea wiki kumi na moja. Katika wiki hizo ziliingia simu 104 zilizolowa, zikapona 33. Majira kama hayo mwaka uliotangulia zilikuwa zimeingia 98, zikapona 71. Aliziandika namba hizo kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ubavuni mwa kompyuta ya mapokezi, bila neno lolote la ziada.

Wiki ya kumi na mbili mhudumu alifika kazini na simu ya mama mkwe wake. Ilikuwa imeangukia kwenye ndoo ya nguo zilizolowekwa, na mhudumu aliona bahati yake: anafanya kazi palipo na mtaalamu. Aliwahi kabla ya wateja. Akakaa kwenye kiti chake, akafungua kompyuta, mfumo ukadai namba, naye akaiwasha simu. Iliwaka. Akaisoma namba, akaiandika, risiti ikatoka. Kisha kikatoka kimoshi chembamba kwenye tundu la chaja, na skrini ikawa nyeusi.

Watu wa ghorofani walimwona akipanda ngazi akiwa ameishika simu kwa mikono miwili kama aliyebeba yai.

"Mama, nimeiua. Ni ya mama mkwe. Kanipa mwenyewe, kaniambia, wewe si unafanya kazi kule."

"Umeiwasha?"

"Nimeiwasha."

"Unajua kwamba haiwashwi?"

"Karatasi uliyobandika kwenye kompyuta naiona kila siku. Ila mfumo..."

Bibi Usiwashe alivuta kiti cha pili, akamwambia akae. Simu ile ilichukua siku sita. Iliogeshwa mara mbili, ikabadilishwa soketi ya chaja na kipande kimoja cha ubao, na ikapona, isipokuwa spika ya chini ambayo mpaka leo inakoroma. Mama mkwe amearifiwa kwamba ni uzee wa simu. Siku zote sita mhudumu alitumia saa yake ya chakula kwenye kile kiti cha pili. Siku ya saba, simu ikiwa imeshakwenda kwa mwenyewe, alipanda tena na chakula chake kwenye bakuli, akakaa palepale.

Ni yeye pia aliyeumaliza ugomvi wa mfumo. Aliketi mbele ya kompyuta Jumamosi moja na kubonyeza kila kitu kilichobonyezeka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa kuogopa kuharibu. Kwenye kona ya chini, kwa maandishi madogo, alikuta kisanduku kilichoandikwa "Ingiza kwa mkono". Namba ya utambulisho huwa imechapwa kwenye boksi la simu, na kwenye simu nyingi imo pia kwenye kitako chake au kwenye kitrei cha laini. Tangu siku ile simu iliyolowa haiwashwi kaunta, na makao makuu yameyapeleka maelekezo hayo kwa matawi yote. Tulipouliza kisanduku hicho kiliwekwa lini, tulijibiwa kwamba kilikuwapo tangu mwanzo.

Mafunzo ya kiti cha pili yaliendelea miezi kumi na tisa, saa za chakula na Jumamosi. Hayakuwa na cheti wala ratiba. Mwanafunzi alianza kwa kupanga skrubu tu. Mwezi wa tatu aliruhusiwa kushika mswaki. Mwezi wa nane alifungua simu peke yake, akakata waya mwembamba wa skrini, akalia, akaambiwa alie akiwa pembeni ili chumvi isidondokee kwenye ubao. Kufikia mwaka wa pili alikuwa anaweza kunusa simu na kutaja maji kabla kadi haijafika.

Hayo yote makao makuu hayakuyajua, kwa sababu kwenye orodha ya watumishi yeye alikuwa mhudumu wa mapokezi, na mhudumu wa mapokezi si fundi. Ndiyo maana fomu ilipofika tarehe 6 ilikuwa na mstari wa kumi na mmoja. Ndiyo maana pia ilirudishwa mezani kwa meneja bila sahihi, ikarudishwa tena tarehe 8, na tena tarehe 11. Bibi Usiwashe hakugoma kazi. Aliendelea kuosha simu na kusalimia watu. Fomu ilipoletwa, aliisoma mpaka mstari wa kumi na mmoja, akaikunja. Tarehe 14 meneja alipeleka barua makao makuu, na jibu likaja na sharti: meza itabaki iwapo kabla ya tarehe 29 mfanyakazi yeyote wa karakana ataokoa simu moja peke yake, mwanzo hadi mwisho, mbele ya mkaguzi.

Mkaguzi alifika Ijumaa iliyopita, tarehe 22. Alikuja na simu ya majaribio aliyoilowesha mwenyewe kwenye glasi ya maji. Bibi Usiwashe aliikataa. Alisema maji ya glasi hayana siri, na akaomba itumike simu ya kwanza itakayoingia mlangoni. Mkaguzi alikubali. Saa tatu na dakika arobaini aliingia fundi bomba, suruali imelowa hadi magotini.

Bibi Usiwashe alitoka chumbani. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba magotini, mlango umefungwa mbele yake, na kwa saa tatu hakusimama. Yaliyotokea ndani yameelezwa na mkaguzi kwenye taarifa yake.

Fundi bomba aliweka alama kwenye "maji ya bomba". Mhudumu aliichukua simu, akaigeuza chini ya taa, akainusa, akamrudishia kadi.

"Kaka, hii bomba imetoka wapi?"

"Bomba ni bomba, dada. Mimi si ndiyo kazi yangu?"

"Ndiyo kazi yako. Mimi yangu ni kuiosha. Ukiniambia bomba nitaiosha bomba, itawaka leo, Jumapili utaizika. Hapa hakuna askari."

Fundi bomba alimtazama mkaguzi na tai yake, akajikuna shingo. "Andika shimo la choo," alisema. "Lakini shimo lenyewe si langu, ni la mteja."

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kama ilivyofundishwa. Betri ilitenganishwa kwanza. Skrubu kumi na saba ziliingia kwenye vishimo vyake kwa mpangilio. Ubao ulioshwa, ukakaguliwa kwenye hadubini, ukaoshwa mara ya pili chini ya vifuniko vyake vidogo vya bati, ukawekwa kwenye kibakuli namba 9 ukauke. Simu ilikaa hapo siku nne. Fundi bomba alipiga kila siku kuulizia mgonjwa, na kila siku aliambiwa bado.

Jumanne asubuhi, mbele ya mkaguzi na meneja, mhudumu aliupima ubao kwa umeme mdogo kabla ya kuunganisha betri. Mshale wa kipimo ulitulia palipotakiwa. Akaiunganisha, akabonyeza. Skrini iliwaka, ikatulia, ikaanza kupokea ujumbe mmoja baada ya mwingine kwa dakika mbili mfululizo. Fundi bomba, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, alisema alikuwa ameshaiandikia tanzia. Chumba kizima kilipiga makofi. Meneja alitoa kalamu, akaufuta mstari wa kumi na mmoja, akaweka sahihi yake ndogo pembeni, na kumpelekea Bibi Usiwashe fomu ukumbini, alikokuwa amekaa tena kwenye benchi lilelile.

Hakuipokea. Aliingia chumbani, akapita katikati ya watu waliokuwa wakipongezana, akafungua daftari la saba, akavaa miwani. Namba 9,387 ilikuwa imeandikwa yote. Maji: shimo la choo. Saa: moja na nusu. Imewashwa? Hapana. Kilichofanyika kilijaza mistari sita. Mwisho wake: imepona. Na chini, kwa mwandiko uleule, mdogo kidogo: "Nimevunja kishikio cha kitrei cha laini wakati wa kufungua. Kosa langu. Mwenye simu nimemwambia."

Kishikio hicho hakionekani simu ikiwa imefungwa. Mkaguzi hakukiona, wala hakimo kwenye taarifa yake. Bibi Usiwashe aliusoma mstari huo, akavua miwani, akaomba kalamu, akatia sahihi akiwa amesimama.

Mkaguzi alimuuliza kama ana neno la kusema. Alisema meza ina mtu.

Katika miaka ishirini na minane amepewa tuzo ya mfanyakazi bora mara tatu, na ya nne aliikataa kwa kuwa ilikuwa zamu ya mlinzi. Kadi yake inatumika katika matawi kumi na tisa. Mumewe, seremala, ana orodha ya kazi alizomwekea, ya kwanza ikiwa kushika mbao upande wa pili wakati kabati la jikoni lililoahidiwa miaka tisa iliyopita linatengenezwa. Mjukuu wake ameshaambiwa kwamba bibi atakuwa nyumbani, na amejibu kwa kuuliza bibi atakuwa akifanya nini.

Mama, asante kwa simu, na asante zaidi kwa madaftari. Ulitufundisha kuuliza vizuri na kuandika tulichokiharibu. Ukapumzike kwa afya, na kabati likamilike. Hapa utakaribishwa siku zote, na tukikupigia tutaanza na salamu.

Hafla ya kumuaga itafanyika Ijumaa tarehe 29, saa nane mchana, katika ukumbi wa chakula. Jumatatu tarehe 2, saa mbili kamili asubuhi, Meza ya Maji itafunguliwa na fundi wake mpya. Simu mbili zinamngoja kwenye vibakuli: namba 4, chai ya maziwa, na namba 11, bahari.